Ubeti wa Nne

Sikwenda pale kutafuta kufundisha. Nilikwenda kushona. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kituo kipya cha mashairi na sanaa, lile jengo refu karibu na reli ambalo zamani lilikuwa ghala la mpunga, na lilitaka watu wengi kuliko viti vilivyokuwamo ndani: mwalimu wa ngoma, mwalimu wa uchoraji, mwalimu wa mashairi, mtunza vyombo vya muziki, fundi wa nguo za michezo ya kuigiza. Nilisoma mpaka nikafika kwa fundi wa nguo, nikaishia hapo. Mashine yangu ya kushona ina umri mkubwa kuliko msichana aliyeandika tangazo lile, na mimi si mtu wa kujipachika nisipoitwa.

Walinipa kazi siku hiyohiyo. Mkurugenzi alikuwa mwanamke kijana aliyerudi kutoka masomoni, mpole wa sauti, dosye tatu nne za makaratasi zimebanwa kwapani wakati wote. Aliniita mama tangu salamu ya kwanza, akanipa kona yenye dirisha.

Kona ile ndiyo iliyoniponza. Darasa la mashairi lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na kwa kuwa mwalimu alikuwa hajapatikana, wanafunzi walijifundisha wenyewe. Sauti nzuri walikuwa nazo, lakini beti zao zilipwaya kama suruali ya kurithi. Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne msichana mmoja mrefu alibana mizani kumi ndani ya kipande cha mizani nane, na mkono wangu ukagonga meza kwa mkasi bila kuniomba ruhusa. Nikagonga nane. Nikagonga nane tena. Kule upande wa pili yule msichana akaurudia ubeti wake akiufuata mkasi, ukakaa sawa.

Mkurugenzi alikuja kuniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia nilifundishwa na mama mmoja mtwangaji wa mpunga, wakati wa vita. Alidhani natania.

Wakati ule mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, barabara haikupitika, na mashamba yetu yalikuwa nje ya mji, mahali pasipoendeka. Chumvi tuliionja kwa ncha ya ulimi tu, halafu tunaifunga tena. Mwalimu wetu alikuwa mjane wa mtaa wa Waislamu, mtungaji wa mashairi ya harusi. Harusi zilipokwisha alibaki na vinu vyake viwili na wasichana saba waliokuja kumsaidia kutwanga ili wapate cha kutia mdomoni. Siku zisizo na mpunga tulitwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa mmoja wa wale saba, na sioni aibu kusema kwamba nilifuata chakula kwanza, mashairi baadaye.

Alitutungia shairi moja la beti saba, kila msichana ubeti wake. Hakuandika hata neno. Karatasi ilikuwa hatari: ukikutwa nayo kwenye kizuizi cha askari unaulizwa barua hii ni ya nani, na jibu lolote litakuwa baya. Alitufundisha kwa sikio, mmoja mmoja, wengine wakitwanga. Michi ndiyo iliyotupa mizani, mapigo manane kwa kila kipande, na kelele yake ilitukinga tusiibe ubeti wa mwenzetu. Lilikuwa shairi la mkufu, yaani kipande cha mwisho cha ubeti mmoja ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Hukuweza kuanza mpaka mwenzako amalize. Tulilisikia lote zima mara chache sana, tukiwa tumesimama saba uani kwake, na kila mara nilipigwa na butwaa kwamba kitu kikubwa hivyo kilikuwa kimo vichwani mwetu sisi wenye njaa.

Alikuwa na sheria mbili. Ubeti una mwenyewe, hausemwi na mwingine. Na anayeondoka mjini haondoki nao: anaukabidhi kwanza. Anayepokea hufungua mikono yote miwili, huinamisha sikio, huambiwa mara tatu, kisha hujibu kwa neno moja. Tangu hapo aliyetoa hausemi tena.

Ubeti wa tano ulikuwa wangu. Wa nne ulikuwa wa rafiki yangu. Tulikuwa na jozi moja ya kandambili sisi wawili, tukizivaa kwa zamu, na mwenye zamu ndiye aliyetumwa mbali. Yeye alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hata ukakosa kujua kilichomchekesha ni nini, lakini unacheka naye. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Nasema hivyo leo kwa sababu siku ile sikusema.

Njaa ilipozidi, mjomba wake wa Kampene alituma neno kwamba huko kuna machimbo na kuna chakula. Wangevuka mto asubuhi, kisha waende kwa miguu. Nilimsindikiza mpaka kwenye mitumbwi. Kandambili zilikuwa zamu yangu, nilizivua nikampa. Akazivaa, akaweka furushi lake chini, akanitazama.

"Nyosha mikono," akaniambia. "Niko nakukabizi ubeti yangu."

Niliificha mikono nyuma. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu anayeachwa, na nilikuwa nimeipiga hesabu yangu usiku kucha. Sheria ilisema anayeondoka hukabidhi. Basi asipokabidhi atakuwa na deni la kurudi. Ubeti wenyewe utamvuta. Naapa niliamini hivyo.

"Sitaki," nikamwambia. "Kama haujakabizi, njo haujaenda."

Alicheka, kama kawaida yake. Aliokota furushi, akaingia mtumbwini, na mimi nikasimama na miguu mitupu kwenye tope nikijiona nimeshinda.

Mwalimu aliuliza nani amepokea wa nne. Nikasema hakuna. Hakunigombeza. Alisema yeye bado anaukumbuka, nikiwa tayari nimwendee niuchukue. Nilimjibu kwamba nangoja mwenyewe arudi. Nikangoja msimu mzima wa mvua, na kabla haujaisha mwalimu alishikwa na homa ya siku tatu, tukamzika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Habari za rafiki yangu zilikuja vipande vipande. Mtu alimwona sokoni Kampene. Mwingine alisema ameolewa, wamekwenda mbele zaidi. Mwingine alisema kile kijiji walichofikia kilichomwa. Sijui niamini lipi, kwa hiyo naamini yote kwa zamu.

Hayo yote sikumweleza mkurugenzi. Nilimwambia tu kwamba shairi lipo. Akasema nafasi ya mwalimu bado iko wazi, na diploma si lazima. Kamati inataka kitu kimoja: mwombaji alete shairi moja atakalofundisha, kamili, alisome mbele yao. Neno hilo "kamili" nilirudi nalo kwenye mashine. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote. Miaka yote nimeshona sare za shule na magauni ya watu, na kumbe mkono wangu ulikuwa unahesabu mizani kwenye kila mshono.

Nilianza kuwatafuta wenzangu. Wa kwanza anauza mawese sokoni. Aliacha wateja akanisemea ubeti wake machozi yakimtoka. Wa pili yuko ng'ambo ya mto. Wa tatu amefariki, lakini alikuwa ameukabidhi kwa mdogo wake, Mungu amrehemu, alikuwa mtiifu kuliko mimi. Wa sita na wa saba niliwapata Pangi, kwa simu, wakigombania nani aseme kwanza. Wote waliniruhusu. Wa nne tu ndio ulibaki. Kwa sababu ya ule mkufu, mwanzo wake naujua, ni mwisho wa ubeti wa tatu: *maji yamejaa leo*. Na mwisho wake naujua, ndio mwanzo wa ubeti wangu: *mvuke mtu wa kwetu*. Najua mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Vyumba sita vya katikati sivijui.

Mkurugenzi alinishauri kwa upole nivijaze mwenyewe. Wewe ni mshairi, mama, nani atajua? Nikajaza. Vipande sita, mizani nane kila kimoja, vina vimekaa kama vifungo. Vilikuwa vizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku ya kamati walikaa watu watano nyuma ya meza. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafungua wa nne, maji yamejaa leo, nikatazama maneno yangu mazuri, nikaiona mikono yangu mwenyewe ilivyojificha nyuma siku ile. Nikaiweka karatasi mezani kifudifudi. Nikagonga ubao wa meza kwa vidole, nane mara sita, taratibu, kama mchi. Kisha nikasema mvuke mtu wa kwetu, nikaendelea mpaka wa saba.

Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Mama, na ile fasi ya kati?"

"Ile haiko yangu," nikajibu. "Iko na mwenyewe."

Walinong'onezana muda mrefu mpaka nikaanza kukunja mkanda wangu wa kupimia nirudi kwenye mashine. Walinipa miezi mitatu ya majaribio. Miwili tayari imepita, na wanafunzi wangu saba wana ubeti mmoja mmoja na sheria zilezile mbili, kwa sikio, bila karatasi. Ghala halina vinu, kwa hiyo wenzao wanagonga madawati. Wa nne nilimpa yule msichana mrefu wa mizani kumi. Nilidhani atalalamika kupewa ubeti wenye tundu, lakini anaugonga kwa heshima, macho kafumba, hata wageni huacha kukohoa.

Jumamosi iliyopita alikuja kabla ya wengine. Nilikuwa nakata kitambaa cha mchezo wa kuigiza. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, akasema mama yake amepata kazi Punia, gari linaondoka kesho asubuhi.

"Mama mualimu," akasema, "nyosha mikono."

Nilimwambia amkabidhi mwenzake darasani, ndiyo desturi, ubeti hauendi kwa mwalimu. Alitikisa kichwa. Nikamwambia barabara ya Punia si mwisho wa dunia, atarudi likizo, atausema mwenyewe. Ndipo niliposikia maneno yangu mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa imekwenda nyuma tena, mkasi ndani yake.

Niliuweka mkasi mezani. Nikafungua mikono yote miwili, nikainamisha sikio. Akasema, maji yamejaa leo. Kisha kwa kidole kimoja akaanza kunigonga kwenye kiganja, nane, na nane, na nane, mpaka zikatimia arobaini na nane, akasema, mvuke mtu wa kwetu. Alirudia mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nalia wazi na sikujificha. Alipomaliza alingoja, kwa sababu kuna neno ambalo mpokeaji hulisema mwishoni, na bila neno hilo mtoaji haondoki.

"Nimepokea," nikamwambia.