Kitambi cha Mwenye Duara

Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu tulilokuwa tukichimba karibu na Kharumwa, alikuwa na kitambi cha kuheshimika. Kilipoanza kukua haraka, kambi nzima ilifurahi. Kwa wachimbaji, bosi akinenepa ujue mwamba umeanza kutoa. Mama lishe akamtengea kiti chake, na waliokuwa wakimsalimia kwa mkono mmoja wakaanza kutumia miwili.

Mimi nilisimamia pampu ya kuvuta maji shimoni. Shule niliiacha mapema, nikatangatanga tangu Nkome kwenye uvuvi wa dagaa hadi huko machimboni, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Nikauliza kwa nini viatu vya bosi havimwingii tena. Nikauliza kwa nini analala ameketi.

"Analinda dhahabu yake," mama lishe akanijibu. "We ungekuwa nayo ungelala?"

Siku moja bosi alikuja kukaa karibu na pampu, akihema kama aliyekimbizwa na fisi. Alikuwa ametoka chooni tu. Nikambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Bosi, umebonyea."

"Toa mkono wako! Hiyo ni nyama."

Wiki hiyohiyo pampu ilichoka, maji yakawafika wachimbaji magotini. Bosi akanifokea mbele ya watu: "Unachungulia shimoni kwa nini? Maji yakipanda, tazama pampu!"

Kisha akaanguka palepale. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi hospitali.

"Moyo wake umechoka kusukuma damu," daktari alisema. "Damu ikienda kivivu, maji yanabaki njiani. Yanajaa miguuni, tumboni, hadi kwenye mapafu. Akilala chali anakosa pumzi. Bila dawa, atazama akiwa nchi kavu."

Nikamtazama bosi. Naye akanitazama, kisha akageukia ukutani.

Alipewa vidonge vya kumkojoza, akakatazwa chumvi. Alirudi kambini amepungua nusu, anapanda kilima bila kusimama, analala chali na kukoroma. Nikampongeza. Nilikuwa peke yangu.

"Bosi ameisha," watu wakanong'ona. Mama lishe akakikalia kile kiti mwenyewe. Wachimbaji wawili wakahamia duara la jirani. Mzee mmoja akamshika mkono kwa huruma: "Pole, baba. Mwamba umekutupa?"

Alivumilia kidogo. Asubuhi moja nikaviona vidonge vyake kwenye tope, karibu na mdomo wa bomba langu. Yeye alikuwa kwa mama lishe, anakunywa supu ya kongoro na kunyunyizia chumvi kama anayepanda mtama.

"Bosi, na vidonge?"

"Vinanimaliza mwili. Nikikonda hivi, nani atakubali kunishukia shimoni?"

"Lakini pampu, bosi..."

"Pampu yako iko kule. Nenda."

Kitambi kikarudi. Kiti kikarudi. Wale wawili nao wakarudi, wakamwamkia kwa mikono miwili, na bosi akacheka hadi pumzi ikamkata. Alifia kwenye kiti hichohicho, bakuli la supu likiwa bado linatoa moshi.

Msibani nilipanga foleni ya kuaga nyuma ya mama lishe. Alipofika kwenye jeneza akainama, akautazama ule uso uliojaa, akajifuta machozi.

"Afadhali," alisema. "Amekufa na afya yake."