Baba Mdogo Alikata Migomba Yetu, Sasa Anataka na Machipukizi

Admin, nifichie jina na mji pia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, tunaishi kando ya mto Daua huku kaunti ya Mandera. Mbele ya watu sauti hunikwama, hata mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua naangalia dawati. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hawakisomi. Nina hasira sana.

Baba yuko mbali na ngamia, kwa hiyo mwenye neno kwetu ni mdogo wake, ninayemwita adeer. Hooyo, yaani mama, alipewa miche ya ndizi na mwanamke mwenye shamba mtoni, tukaipanda nyuma ya jiko. Maji yetu ni ya kununua, huletwa na mkokoteni wa punda, huwezi kuyamwagia mti. Nikahamisha mahali pa kutawadhia. Kila aliyetia udhu pale, kuanzia alfajiri, maji yake yalitiririka kwa migomba. Hata wageni niliwaelekeza hapo kwa kidole, maana kusema naona haya. Migomba ikatupita urefu, mmoja ukatoa mkungu.

Kisha chifu akatangaza barazani kwamba nyumba zote za karibu na kambi ya polisi zisiwe na mmea unaopita kiuno cha mtu, kwa ajili ya usalama. Usalama siukatai, tumeshalala sakafuni kwa milio ya risasi. Lakini nyuma ya kambi hiyohiyo kuna kichaka cha mathenge, ile miti ya miiba, kinachomeza ng'ombe mzima, na hakuna aliyekigusa.

Askari walipokuja kukagua, adeer ndiye aliyewaongoza. "Afande, anza hapa kwa kaka yangu, watu wasiseme nabagua."

Hooyo akamwambia askari, "Afande, angalia mwenyewe. Hapa hata mbuzi hawezi kujificha."

Askari alicheka, nadhani angetuacha. Adeer akamnyang'anya panga, akakata yote, na ule wenye mkungu akaukata wa kwanza. Ndizi zilikuwa bado nyembamba kama vidole vyangu. Mbuzi wakala majani, mimi nikasimama mlangoni nimeshika kibuyu cha maji ya udhu.

Ijumaa moja tukaalikwa kwake chakula cha mchana. Wali ukaja na ndizi mbivu pembeni, kama tunavyopenda huku. Nilipoenda nyuma kunawa nikaiona migomba, imejipanga ndani ya ukuta wa mabati, majani yakikaribia tu ukingo wa juu. Na nyumba yake iko karibu na kambi kuliko yetu. Niliporudi nikaisukuma ndizi kando ya sahani. Adeer akaniona. "Kula, mkulima. Au unangoja za kwako?" Wote wakacheka, na hooyo akatabasamu kwa heshima. Machozi yaliangukia wali.

Sasa visiki vyetu vimechipua. Mgomba ukikatwa haufi, nilikuwa sijui, nilipoona nilifurahi peke yangu. Juzi adeer akapita akaviona pia. Akamwambia hooyo, "Shemeji, hivi vikikua serikali itawasumbua. Jumamosi nakuja kuving'oa nikavipande kwangu, kwangu kuna ukuta." Hooyo akajibu, "Haya, adeer wa watoto." Baadaye nilimuuliza kwa nini amekubali. Akasema, "Nitamkatalia nani, na baba yako hayupo?"

Nikimwambia chifu habari ya migomba iliyo ndani ya ukuta ule, adeer atajua ni mimi, maana ni mimi tu niliyeingia kule nyuma. Baba akirudi ataambiwa binti yako amemshtaki ndugu yako kwa serikali, na aibu hiyo kwetu haioshwi haraka. Nikinyamaza, nitaalikwa kula ndizi zangu kwenye sahani yake na kuchekwa tena. Nimefikiria pia kuvimwagia visiki maji yanayochemka, tukose sote.

Ninyi mnaoweza kusema mbele ya watu, nishaurini, nifanye lipi kabla ya Jumamosi? Maana ameshaniagiza nimshikie ndoo ya kubebea machipukizi.