Wiki Kavu Toka Louisville Hadi Buffalo

Mwaka wangu wa tatu Buffalo nilikuwa nimegeuka mtabiri wa hali ya hewa wa familia yetu. Sikusomea. Nilijifunza kwa bibi mmoja Mzungu wa North Buffalo niliyekuwa nikimtunza mchana: kumwosha, kumlisha, kumpa dawa. Bibi huyo hakutoka nje hata kufika kwenye sanduku la barua, lakini televisheni yake ilikaa kwenye hali ya hewa tangu asubuhi. Alisubiri kwanza mji wa binti yake, mbali huko magharibi, ndipo akajali wetu. Nami nikaichukua tabia hiyo. Ramani ikitokea, nilitafuta Louisville, walikokuwa mama na kaka yangu, kisha Columbus, alikokuwa dada yangu na mumewe na watoto, halafu Buffalo, nilikokuwa peke yangu. Kule kwenye kambi ya wakimbizi faili yangu ilikuwa mbali na zao, kwa hiyo Amerika ilitugawa ilivyotaka.

Jioni nilimpigia mama simu na kumweleza. Kesho mvua, usianike nguo. Keshokutwa upepo, vaa sweta. Nilijua anga la Louisville kuliko nilivyojua jina la jirani yangu.

Nilichotaka kilikuwa kimoja na wote walikijua: mama ahamie kwangu. Nilikuwa nimenunua nyumba ya zamani Black Rock, karibu na mto, vyumba vitatu na mtu mmoja. Jioni nikirudi niliwasha taa zote ili nyumba isinitishe. Mama hakuwahi kukataa. Alikubali kila mara, kisha akaleta habari za hali ya hewa. Desemba theluji. Machi bado theluji. Mei mvua. Julai, alisema, joto la barabarani lingemmaliza. Nikamtania: mtu aliyezaliwa milimani kwetu Kivu Kusini, aliyekamua ng'ombe alfajiri ndani ya ukungu bila viatu, leo anaogopa baridi? Akacheka sana.

"Nitakuya," alisema. "Unipatie tu wiki moja ya muzuri."

Wiki yenyewe ikaja Septemba. Ijumaa, nikimkata bibi kucha, mtangazaji alionyesha ramani, na toka Kentucky hadi kwetu kote kulikuwa rangi moja ya chungwa. Wiki nzima kavu, alisema kwa furaha, joto kupita kawaida ya majira, wala hakuna mvua popote. Nikamwacha bibi na vidole viwili havijakatwa, nikaenda jikoni kupiga simu.

"Hakuna mvua hata kiloko?" mama aliuliza. Huko kwetu Septemba ikienda kavu watu hushika vichwa, maana mbegu zimeshaingia ardhini. "Bon. Na batu ya huko banafurahi?"

"Banafurahi, mama."

"Bashukuru Mungu basi," alisema, lakini nilisikia kwamba anawahurumia.

Tukapanga siku hiyo hiyo. Jumamosi kaka angemfikisha Columbus kwa gari, Jumatatu shemeji angemleta Buffalo. Niliomba ruhusa kazini, na bibi akaletewa mtu mwingine. Sikulaza damu. Nilifua mablanketi nikayaanika uani, yakakauka kabla sijamaliza kusugua sakafu. Niligandisha maziwa jinsi anavyoyapenda. Nilihamisha kitanda kizuri, kile changu, nikakiweka chumba chenye jua la asubuhi. Siku hizo niliimba peke yangu kama kichaa.

Jumatatu dada akapiga simu: mama amechoka, watakuja Jumanne. Jumanne mtoto mdogo wa dada alikuwa na mafua na amemng'ang'ania nyanya yake, kwa hiyo Jumatano. Mimi nilikuwa nimekaa barazani tangu asubuhi kwa gauni la kanisani. Kulikuwa na jua zuri ajabu. Mtaa wote ulikuwa nje na fulana, wakiosha magari, wakikusanya majani makavu, na kila aliyepita aliniambia siku ni nzuri. Nikawaitikia kuwa ndiyo, ni nzuri. Niliwachukia kidogo.

Jumatano mchana nilipiga mimi. Dada alipokea, akasema mama yuko uani na akina mama wa kanisani wanachambua sombe, yale majani ya muhogo, na nyuma yake nilisikia vicheko na Kiswahili chetu cha milimani. Niliuliza kama sanduku liko tayari. Dada akasema, "Alishatoa nguo, dada. Amezipanga kabatini." Kisha akampa mama simu.

Nilianza haraka, kama wakili. Nikamwambia Columbus jua, Buffalo jua, njia nzima jua, kesho vile vile, Ijumaa vile vile. Nikamwambia hata usiku hakuna baridi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. Alitoka pale penye wenzake, maana vicheko vilibaki nyuma. "Miye sikuogopaka baridi. Weye asubui unaenda kulinda mama ya benyewe, unarudia mangaribi. Donc miye mutana yote nitabakia na nani mu ile nyumba?"

Majibu ya theluji nilikuwa nayo. Ya mvua nilikuwa nayo, na ya upepo, na ya joto la barabarani. Lakini mchana kutwa mama angekaa jinsi nilivyokaa mimi siku hizo tatu, nami nilikuwa nimeshaona zilivyo ndefu.

"Bakia kwa dada, mama," nikasema.

Aliniuliza kama ninalia. Nikamwambia hapana. Akasema yeye analia, akakaa kwenye simu, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.