Mume Aliyekwenda Kuchota Maji

Kwetu Kisoko, enzi za Waingereza, mlevi tulimjua kwa mrija wake. Pombe ya wimbi ilinywewa chunguni, watu wakikaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, na aliyezidisha alionekana na wote. Hatukujua kumpima mtu kwa njia nyingine. Kwa hiyo mume wangu alipouvunja mrija wake mbele ya wazee wa kanisa, akasema hataketi tena penye chungu, nilimwamini moja kwa moja. Na kweli hakuketi tena.

Walitaka kumfanya msomaji, yule anayeongoza ibada mchungaji asipokuwepo. Kanisa lilikuwa na desturi yake: mke ndiye husimama kumshuhudia mumewe, kwa kuwa ndiye anayelala naye na kumnusa. Basi nikasimama. Nikasema, "Nyumbani kwangu pombe haiingii." Nilisema kwa sauti, kichwa juu. Nilikuwa na fahari, sitadanganya.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuziona. Asubuhi mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagika kisahanini. Akasema ni malaria ya zamani. Kutwa alitafuna karafuu alizonunua madukani Tororo. Angeweza kunifokea kwa sababu ya chumvi, na saa moja baadaye akawa mpole, anacheka na watoto. Na kubwa kuliko yote, alianza kuchota maji. Mwanamume mzima, tena wa kanisa, anabeba mtungi kila alfajiri hadi kisimani bondeni. Wanawake wenzangu walinichokoza: "Mwenzetu, umempa nini huyu?" Nilicheka tu. Moyoni nilijiona nimebarikiwa kuliko wao wote. Mjinga mimi.

Asubuhi moja akashikwa na homa ya kweli, hakuweza kuinuka. Nikaenda kisimani mwenyewe. Pale kando ya kinamasi, nyuma ya mafunjo, alikaa mjane mmoja kutoka upande wa Busia. Alipika enguli, ile pombe kali ya ndizi inayochemshwa na kutoneshwa kwenye bomba huku maji baridi yakiipoza. Serikali iliikataza, ndiyo maana ilipikwa huko, penye maji na maficho. Nilimjua kwa kumsalimia tu. Aliponiona hakushtuka. Aliingia ndani akatoka na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Shemeji anaumwa?" akauliza. "Mpelekee hii yake ya asubuhi."

"Yake ipi?"

"Dada, mimi usinifiche. Mwenyewe aliniambia unajua. Hata kabla ya siku ile alisema umekubali kumsemea kanisani, mradi asilewe mbele za watu."

Si kunywa kwake kulikoniuma, jamani. Wanaume wangapi wanakunywa? Huyu aliniuza. Alilichukua jina langu akalifanya kizibo cha chupa yake, tena kabla sijafungua kinywa kanisani. Nilirudi na mtungi mtupu, nikamwuliza pale pale kitandani. Alinigeuzia mgongo, akatazama ukuta.

Jumapili nilisimama bila kuitwa. Nikasema maneno yangu ya siku ile nayafuta, kwamba nilidanganywa, kwamba sikujua lolote. Usomaji wake wauchukue, sikujali. Nilichotaka ni waelewe kwamba sikusimama mbele ya Mungu kusema uongo. Nilingoja mtu aniulize, au anikemee. Mke wa mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akanivuta mkono taratibu.

"Kaa, mama," akaninong'oneza. "Sote tunachota maji kule. Tulipokuchokoza ulicheka, na uliposhuhudia tukasema, huyu anamsitiri mumewe. Hata sisi tungefanya hivyo hivyo."

"Lakini sikujua," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Kaa."

Nikawageukia wanawake wa benchi zote. Walinitazama kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.