Mbegu za Damu ya Binti Yangu

Mume wangu alipokufa, dada yake alitangaza kijiji kizima cha Gatitu kwamba nina virusi vya ukimwi, na kwamba binti yangu alizaliwa navyo. La kwanza lilikuwa kweli. La pili alilitunga. Kwenye itega, siku akina mama tunapompelekea aliyejifungua kuni na zawadi, kila mmoja humpakata mtoto mchanga. Zamu yangu ilipofika, wifi alimpitisha mtoto juu ya kichwa changu.

"Wewe kaa tu hapo na msichana yako," akasema. "Hiyo kitu yenu msituletee."

Nilimeza chai. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Miaka ikapita, wifi akapata saratani ya damu. Alihitaji seli shina, zile mbegu za damu zilizo ndani ya mifupa, kutoka kwa mtu wa ukoo. Watoto hakuwa nao, na kaka zake walikuwa wazee wagonjwa. Akabaki binti yangu, ambaye hajawahi kuwa na virusi. Vipimo vikamkubali.

Nikamwendea daktari wangu. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba matibabu hayohayo yamewaponya virusi watu wachache.

"Mama, hao walikuwa na saratani pia," akasema. "Na wengi walipewa mbegu za watu wa nadra, ambao virusi haviingii kwa damu yao. Hayo matibabu yanaweza kukuua. Dawa zako zinakutosha."

Basi tiba ilikuwa ya adui yangu, na ilikuwa inalala nyumbani kwangu. Nilicheka njia nzima.

Wifi akanipigia simu. "Wifi, ongea na msichana anisaidie."

"Nitaongea. Lakini Jumamosi kuna itega. Kuja uambie wamama ulidanganya."

Alikuja, kitambaa kimefunika upara wa dawa. "Huyu msichana ako sawa," akasema. "Nilisema uongo juu nilitaka shamba ya ndugu yangu, huyu asiirithi."

Hilo la shamba sikuwa nimeliomba. Mimi nikajiongezea chai.

Binti yangu aliniambia baadaye kwamba angetoa tu, hata bila maneno hayo. Ana moyo wa babake. Mimi sina.

Wifi amepona. Daktari anasema damu yake yote sasa inatengenezwa na mbegu za binti yangu. Hajanishukuru, na sitaki. Nataka tu, siku akijikata akimenya viazi, aangalie vizuri ni damu ya nani inayotoka.