Mahitaji ya Familia: Hakuna

Miaka kumi na moja nimekuwa karani wa ofisi ya misheni, na wamisionari nimepokea wa kila aina. Vijana huwa nawasahau wakishapanda ndege. Wale wazee wawili wa ghorofa ya tatu siwasahau, wala si kwa mapenzi. Mmoja wao nina hasira naye mpaka leo, na hasira nyingine nimejiwekea mwenyewe.

Walikuwa wastaafu, mtu na mkewe. Mume alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mke mkunga wa hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini na miwili. Kanisa lao liliwatuma kwetu, ng'ambo, kwa miaka miwili. Kwao walimwacha binti yao wa pekee, ambaye mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hawajamaliza hata miezi minane, binti akapiga simu kwamba ameshika ya tatu. Akamwambia mama yake, "Mama, watoto wa watu umewapokea wewe. Huyu wangu naye umpokee wewe."

Mkunga hakutaka kingine duniani. Alitaka wiki tatu tu, aende, amshike mwanawe mkono, arudi. Akamwambia mumewe aombe ruhusa. Haya ya ruhusa nilikuja kuyajua baadaye, na ndiyo yanayonikereketa.

Ofisini tuliwaita Mwalimu na Mkunga, na uso kwa uso Baba na Mama. Walikaa juu ya ofisi, vyumba viwili na roshani iliyogeuzwa jiko. Ngazi zilikuwa hamsini na moja. Mkunga alizihesabu kwa sababu ya goti lake. Maji yakikatika, alishuka na ndoo mwenyewe, maana Mwalimu hakutaka waonekane wanaomba msaada. Mwalimu alikuwa wa kufa na tai shingoni. Jua liwake, mvua inyeshe, tai iko pale pale, na beji ya jina kifuani imenyooka kana kwamba imepimwa kwa rula.

Sheria ya misheni ilikuwa kwamba mke na mume hawatengani. Aendako mmoja, mwenzake yupo. Basi Jumanne na Ijumaa, Mkunga alipowafundisha wajawazito kwenye ukumbi wa chini, Mwalimu naye alikuwa humo, benchi la nyuma, gazeti limemfunika uso. Mkewe huko mbele anaonyesha namna ya kupumua na kusukuma, yeye hata ukurasa hafunui. Siku moja mama mmoja mcheshi akamgeukia.

"Na wewe Baba, una miezi mingapi?"

"Niko kazini," akajibu bila kushusha gazeti. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na Mkunga alicheka kuliko wote.

Kila Jumatatu saa tatu walileta fomu ya wiki. Nyumba walizotembelea, masomo waliyofundisha, afya zao, na chini kabisa kisanduku kimeandikwa "Mahitaji ya familia". Chini yake saini mbili. Mwalimu alijaza fomu kwa mwandiko wake wa ubaoni, kisha akaweka kidole mahali pa kusaini, na Mkunga akasaini penye kidole. Miaka thelathini na minane ya ndoa alisaini hivyo. Kusoma alijua vizuri sana, ila karatasi za nyumbani zilikuwa za mumewe, kama vile jiko lilivyokuwa lake.

Mwalimu alimwambia kwamba ruhusa ameiandika na ofisi imekataa. Wiki ya pili akamwambia ameandika tena, wamekataa tena. Mimi huku napokea fomu, kwenye kisanduku naona neno moja: Hakuna. Nilijua binti ni mjamzito, Mkunga mwenyewe alinitajia siku za mwanzo. Nikajisemea, huyu mama ana roho ngumu, mwanawe yuko katika hali ile naye hana haja. Naye akaanza kunipita bila salamu. Nikaona ana makuu. Kumbe kila nilipoigonga muhuri fomu yao alikuwa anaona mkono wa mtu anayemzuia asiende kwa mwanawe. Ningemuuliza swali moja tu yangekwisha. Sikuuliza. Nilikuwa nimenuna, nikajitia hamnazo.

Jumamosi moja binti akajifungua kabla ya siku zake, kwa kupasuliwa. Jumatatu Mkunga akaingia ofisini kabla ya mumewe, aliyekuwa amesimamishwa koridoni na msimamizi wa misheni, na akasimama mbele ya meza yangu.

"Karani, mwanangu amezaa juzi bila mimi. Nimekuja mnitazame usoni. Mara zote hizo mlizoninyima, mlifaidika nini?"

"Nani amekunyima, Mama?"

"Nyinyi!"

Nikavuta jalada lao, nikalifungua mbele yake. Akavaa miwani. Hakuna. Hakuna. Fomu kumi na tisa. Alizisoma moja baada ya moja, na kila aliyoimaliza aliilaza kifudifudi.

"Hii ni saini yangu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Na ruhusa ya mjukuu hapa haichukui hata siku mbili."

Mwalimu akaingia, nyuma yake msimamizi. Aliziona karatasi, akaelewa.

"Mzee, uliwahi kuniombea ruhusa?" Mkunga akamuuliza.

"Sikuomba." Alijishika tai. "Niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, sisi tusipoiacha kazi yako, na wewe usimwache mtoto wetu. Ningeomba ruhusa ningekuwa nimeivunja."

"Nadhiri uliweka wewe, aliyeitimiza nikawa mimi. Si ungeniambia?"

"Ungekataa."

Hilo lilinikata maini. Naye akaongeza, kwa upole kabisa, "Na mtoto si mzima? Mama yake si mzima? Mungu ametimiza upande wake." Ubaya ni kwamba aliamini. Hakuwa mwongo wa kujipendelea. Alikuwa mzee mwenye hofu aliyemfanyia Mungu biashara kwa mali ya mwenzake. Mimi sikumhurumia hata chembe.

Msimamizi, mtu wa huruma, hakungoja. Alichukua kalamu, akasaini ruhusa hapo hapo amesimama. Mkunga akapiga simu kwa binti yake mezani kwangu, kwa sauti ya kusikika na wote, maana masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Nakuja, mwanangu. Wameniruhusu."

"Sasa? Si ulisema wamekataa?"

Mkunga akamtazama mumewe. Nilingoja aseme. Moyoni nilimwambia, mtaje, Mama, mtaje sasa hivi.

"Hawakukataa," akasema. "Nilikuwa nasaini bila kusoma. Ni makosa yangu."

Nusura niinyakue ile simu. Upande wa pili kikasikika kichanga kikilia.

"Kwa hiyo ungeweza kuja."

"Ningeweza."

"Mimi nililala kwenye ile meza ya upasuaji nikiwachukia watu wa ofisi ambao hata siwajui. Kumbe ni wewe." Binti hakulia wala hakupaza sauti. "Mtoto tumempa jina la mama mkwe. Yeye ndiye aliyenishika mkono."

"Ni jina zuri. Basi nije Alhamisi, nikuogeshee mtoto."

"Usijisumbue, Mama. Maliza kwanza kazi ya Mungu."

Simu ikakatika. Mkunga akabaki ameishika kwa mikono miwili. Mwalimu alisogea akamwekea mkono begani, na uso wake ulikuwa umenawiri kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Umeona?" akamwambia. "Hata yeye ameelewa."