Raphaeli Alivyorudi kwa Ndege kutoka Ndola

Teresia wa kijiji cha Ruanda, kule Mbozi, aliujua umbali wa Ndola kwa miguu ya mumewe. Raphaeli alipoondoka kwenda migodi ya shaba, kahawa ilikuwa inaiva. Yeye na wenzake walivuka mpaka pale Tunduma, wakapita Isoka, wakaishika njia ya Mpika, wakilala popote walipokaribishwa. Habari kwamba amefika salama zilimkuta Teresia akipalilia mahindi.

Miaka ikapita. Siku moja jirani yao Osea akarudi kutoka huko na ujumbe.

"Shemeji, Raphaeli anakuja Jumamosi. Kwa ndege."

"Kwa ndege? Ana nini?"

"Aliumia kazini, ila anatembea. Nenda Mbeya ukampokee."

Teresia alimwacha binti yao Enesi kwa bibi yake, akapanda lori la kahawa. Uwanjani karani akamwambia ndege imeondoka Ndola asubuhi hiyo.

"Asubuhi ya leo?"

"Ya leo, mama. Ni saa mbili na ushei tu angani."

Teresia akapiga hesabu ya jikoni. Angeinjika maharage makavu ndege iliporuka, yangekuwa bado hayajaiva.

Ndege ikatua. Raphaeli akateremka wa mwisho, ameshikwa mkono na mhudumu, macho yake wazi yakielekea pasipo na mtu. Teresia akaelewa kabla mumewe hajakanyaga chini. Akaenda, akampokea mkono ule.

"Mama Enesi?"

"Ni mimi."

"Baruti ililipuka mapema. Sioni tena. Nilikuwa nimekusudia kukuambia vizuri. Kwenda nilikwenda kwa miguu, nikajua njia ya kurudi nayo itakuwa ndefu, nitapata maneno. Sasa hata la kwanza sijalipanga, nasikia tumefika."

Dereva wa lori akapiga honi; alikuwa anarudi Mbozi. Teresia akampungia mkono atangulie.

"Sisi tunaendaje?" Raphaeli akauliza.

"Kwa miguu, Baba Enesi. Maneno yako utayapata."

Wakaondoka polepole, Teresia akimwambia palipo na jiwe na palipo na mteremko. Mwanzoni Raphaeli alizungumzia ndege: mngurumo wake, masikio yalivyoziba. Kisha akasimulia siku ya baruti. Walipokaribia mto Songwe akasimama.

"Nilifikiri nibakie huko huko, nisije nikawa mzigo kwako."

"Ungenifanya mjane na mume yu hai," Teresia akasema. Hapo ndipo naye alipolia, na Raphaeli akampapasa uso akiyatafuta machozi ili ayafute.

Walilala kwa watu wema, kesho yake jioni wakaingia nyumbani. Enesi, ambaye baba yake alimwacha akitambaa, alijificha nyuma ya bibi yake. Raphaeli akaketi chini mlangoni, asimwite, akaanza kuigiza mngurumo wa ndege. Mtoto akasogea kidogo kidogo mpaka akamgusa goti.

Msimu wa kahawa ulipofika, Raphaeli aliomba kikapu. Alichuma kwa vidole, akibonyeza kila tunda kuona kama limelainika. Mwanzoni alichuma nyingi mbichi. Jioni Teresia alikaa mbali kidogo akizichambua kimyakimya, lakini masikio ya mumewe yalikuwa makali.

"Mbichi zimekuwa nyingi leo, Mama Enesi?"

"Chache tu," akajibu, huku akizimimina pembeni kwa upole zisije zikatoa kishindo.